Kuanzisha redio ya muziki wa vijana wilayani kwenu: mwongozo kamili, kuanzia kijiweni hadi siku ya kwanza hewani

Karibu kila anayetaka kuanzisha redio huanza kwa kuuliza bei ya transmita, mtambo unaorusha matangazo. Hilo ni swali la saba au la nane. La kwanza ni hili: ni muziki gani unapigwa mitaani kwenu, kwenye simu, kwenye flashi, kwenye spika za saluni, lakini ukifungua redio husikii? Ukikosa jibu, baki na fedha zako. Ukilipata, unayo redio tayari, mitambo tu ndiyo imebaki.

Haya ninayoyaandika yanaihusu zaidi Tanzania Bara, maana ndiko nilikozunguka na redio za wilayani. Aliyeko Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi, lakini mnara, radi na masikio ya watu ni vilevile.

Hatua ya kwanza: kaa kijiweni wiki mbili

Chukua daftari. Nenda stendi, nenda kwa kinyozi, kaa na bodaboda, panda daladala za asubuhi na za jioni. Kila mahali andika mambo matatu: wimbo gani unapigwa, unatoka wapi (redio, simu, memori kadi), na saa ngapi. Usimuulize mtu anapenda nini, atakutajia msanii mkubwa ili aonekane wa kisasa. Wewe sikiliza tu anachokipiga akiwa peke yake. Baada ya wiki mbili utakuwa na orodha ambayo hakuna mshauri anayeweza kukuuzia.

Sisemi hivi kwa kubahatisha. Ndivyo muziki wa kizazi kipya ulivyoingia hewani nchini. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio ya Bara ilikuwa ni moja: iliyokuja kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na leo TBC Taifa. Ilifanya kazi kubwa. Bendi za dansi ziliingia studio zake, zikarekodiwa, na nchi nzima ikazijua. Lakini vijana waliokuwa wakirap kwa Kiswahili kwenye mashindano na madisko ya Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakuwa na mlango pale. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ikafungulia watu binafsi. Mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani, na ndani yake kukawa na kipindi cha madijei kilichopiga kanda za vijana hao pamoja na ngoma za Marekani. Mwaka 1996 mtangazaji wa hapo, Mike Mhagama, ndiye anayetajwa kuwa alianza kusema “Bongo Fleva” ili kutofautisha nyimbo za nyumbani na zile za ng'ambo. Jina likashika.

Clouds FM, iliyokuja mwishoni mwa miaka hiyo, haikuanza kama redio. Ilianza kama disko. Joseph Kusaga na wenzake walikuwa wakipiga muziki kumbini tangu miaka ya 1980, wakiona kwa macho ni wimbo gani unainua watu na ni upi unawarudisha vitini. Walipopata masafa, walikuwa wameshawajua wasikilizaji wao kwa miaka. Baadaye, wakiwa na marehemu Ruge Mutahaba, wakazungusha matamasha ya Fiesta mikoani na msanii wa redioni akaonekana jukwaani.

Majirani walipita njia hiyohiyo: Kampala ilipata Sanyu FM na Capital mwishoni mwa 1993, Nairobi ikapata Capital FM mwaka 1996. Kila mahali wimbo ulikuwepo kabla ya redio. Kazi ya redio ilikuwa kuusikia na kuupa nafasi.

Hatua ya pili: karatasi

Sajili kampuni BRELA, chukua namba ya mlipakodi TRA, kisha peleka maombi TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Tenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: leseni ya maudhui, inayokuruhusu kutangaza, na leseni ya masafa, inayokupa namba hewani. Chagua pia eneo: leseni hutofautiana kwa taifa, mkoa na wilaya, na redio ya kibiashara haiombi sawa na ya jamii. Kwa redio ninayoizungumzia, omba ya wilaya. Ada yake ni ndogo, na ukiwa na njaa ya kufika mbali utajikuta unalipia usikivu wa watu ambao hawatanunua chochote kwa mtangazaji wako wa biashara.

Andaa mpango wa biashara, michoro ya mitambo, ratiba ya vipindi, sera ya uhariri na uthibitisho wa umiliki. Ratiba isiwe ya kunakili. Anayeisoma amesoma mamia. Ile inayosema saa 10 jioni ni kipindi cha wanaorudi kutoka mnadani inaonyesha mtu anayeijua wilaya yake.

Soma mwenyewe Kanuni za Maudhui ya Utangazaji za mwaka 2018, usimwachie mwanasheria. Zinagusa lugha chafu, saa za watoto, na kuwapa nafasi sawa wagombea wakati wa uchaguzi. Redio ya vijana huangukia hapo kwenye lugha chafu. Mwaka huohuo wa 2018 TCRA ilizuia nyimbo kadhaa zisipigwe hewani, zikiwemo za wasanii wakubwa, kwa sababu ya maneno na picha zake. Teua mtu mmoja asikilize kila wimbo hadi mwisho kabla haujaingia kwenye kompyuta. Nasema hadi mwisho kwa sababu neno baya mara nyingi liko ubeti wa tatu.

Halafu mirabaha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi kwamba kazi ya msanii hulipiwa inapotangazwa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo ya kuanzia. Weka gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwezi wa kwanza. Redio inayojengwa kwa jasho la wasanii wa wilaya yake halafu inakwepa kuwalipa haina haki ya kujiita yao.

Wala usijaribu “kuonja” hewani kabla ya leseni. Kutangaza bila leseni ni kosa la jinai, na mitambo hubebwa.

Hatua ya tatu: omba masafa kwa akili

FM yetu ni 87.5 hadi 108 MHz. TCRA ndiyo inayogawa, lakini ukiwahi unaweza kuomba namba unayoipendelea, na hapa kuna jambo linalowaponyoka wengi. Magari mengi ya mtumba barabarani kwetu yametoka Japani, na redio zake zimetengenezwa kwa masafa ya huko: 76 hadi 90 MHz, zile mpya kidogo zikifika 95. Gari kama hilo halitakupata ukiwa 101 mpaka mwenyewe amfuate fundi amfungie kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, na hata hapo namba inayoonekana kwenye kioo si yako. Noah na Hiace ngapi zinapita stendi yenu kwa siku? Kama kuna nafasi kati ya 88 na 90, iombe kwa maandishi ukieleza sababu.

Ukipewa ya juu, tangazo lako liwe na maelezo ya kuipata. Na ukiwa karibu na 108 kuwa mwangalifu mara mbili: juu ya hapo ndiko zinakoongozwa ndege, na transmita chafu inayomwaga mawimbi pembeni itakufungia redio siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: mnara kwanza, wati baadaye

Mawimbi ya FM huenda karibu na mstari ulionyooka. Dunia ikijipinda, au kilima kikikaa katikati, yanaishia hapo. Kwa hiyo urefu wa antena ndio mtaji. Kuna hesabu ya haraka unayoweza kuifanya kwa kalamu: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4. Jibu ni kilomita hadi upeo wa mawimbi ya redio, ambao ni mbali kidogo kuliko upeo wa macho.

Mnara wa mita 36: kipeuo ni 6, mara 4, unapata kilomita 24. Sasa panda kilima kilichosimama mita 200 juu ya mji na uweke kimnara cha mita 25. Jumla ni 225, kipeuo ni 15, unapata kilomita 60. Transmita ni ileile. Kinyume chake, ukibaki chini na kuongeza wati, hata uwanda uwe wazi kabisa, kufikisha nguvu ileile kwa umbali maradufu kunataka wati mara nne. Umeme wa wati hizo unaulipia kila mwezi. Kilima unakilipia kwa kodi ya kiwanja.

Kwa wilaya yenye kilima kizuri, transmita ya wati 300 hadi 500 inatosha kuanzia. Studio ibaki mjini, watu waweze kuingia na kutoka, na sauti ipande kilimani kwa linki ya redio, yaani kimtambo kidogo kinachorusha sauti kutoka studio hadi mnarani. Linki ya intaneti iwe ya akiba.

Mnara una wakubwa wake pia: Mamlaka ya Usafiri wa Anga itataka kujua urefu, rangi na taa, halmashauri itataka kibali cha ujenzi, na wenye ardhi watataka mkataba ulioandikwa. Andikeni mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mzee wa ukoo akiwepo. Nimeona redio ikizimwa kwa sababu njia ya kwenda kwenye mnara ilipita shambani kwa mtu ambaye hakushirikishwa.

Kanuni moja ya fundi mitambo iandikwe ukutani kwa herufi kubwa: transmita haiwashwi kabla antena haijaungwa. Nguvu isiyo na pa kutokea inarudi ndani na kuua transista kwa sekunde. Kila asubuhi fundi asome mshale wa nguvu inayorudi na aandike kwenye daftari. Ukiona unapanda kidogokidogo msimu wa mvua, maji yameingia kwenye kiungo cha kebo. Panda ukakaushe na kukifunga upya kabla hakijakulazimisha.

Hatua ya tano: umeme na radi

Redio niliyoanzia kazi ilipigwa radi mwaka wa pili. Ilikuwa saa 9 alasiri, kipindi cha salamu kikiendelea. Tulisikia mlio mmoja, taa zikazima, halafu ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Transmita, linki, na kompyuta mbili zilikwenda, tukakaa kimya siku kumi na tisa. Fundi aliyetoka mjini kutusaidia alichimba chini ya mnara akakuta waya wa ethi, unaopeleka radi ardhini, umefungwa kwenye nondo fupi iliyosimama kwenye kokoto kavu. Ilikuwepo kwa macho tu.

Zamisha nondo za shaba kadhaa mahali penye unyevu, ziunganishwe pamoja, kisha mpime kwa kipimo cha ethi. Lengo ni chini ya omu 5. Mnara, nyumba ya transmita na umeme wa ndani vyote viungwe kwenye ethi moja, la sivyo radi itapita kati yao kupitia mitambo yako. Weka stabilaiza mbele ya kila kitu, betri za kushikilia dakika kadhaa, na jenereta au sola. Mafuta ya jenereta yawe na daftari lake na mtu wake.

Hatua ya sita: studio

Hapa watu hupoteza fedha. Chumba kimya ni bora kuliko maiki ya bei. Trei za mayai ukutani hazizuii chochote. Pazia nzito zilizokunjamana, zulia, na fremu za mbao zilizojazwa sufi ya miamba na kufunikwa kitambaa hufanya kazi kweli. Piga kofi katikati ya chumba: ukisikia mlio unarudi, bado.

Nunua maiki za dainamiki, si zile za kondensa zinazonasa hadi jogoo wa jirani. Mikseri ya kawaida, hedifoni za kutosha, kifaa cha kuingiza simu hewani, kompyuta mbili zenye programu ileile ili moja ikigoma nyingine ishike. RadioDJ ni ya bure kwa Windows, Rivendell ni ya bure kwa Linux, na zote zinabeba redio nzima. Kompyuta ya hewani isitumike kufungua barua pepe wala kuchomekwa flashi ya mtu.

Hatua ya saba: muziki wenyewe

Msanii akikuletea wimbo kwa WhatsApp, mwombe faili halisi kutoka studio alikorekodi. Ule uliopita mikono kumi umeshaminywa hadi matoazi yanasikika kama mchanga, na hewani ubaya huo unaongezeka. Msanii mwenyewe atadhani redio yako ni mbovu.

Sasa hesabu ya saa moja. Nyimbo 12 za dakika tatu na nusu ni dakika 42. Zinabaki 18 za maneno, matangazo, habari na jingo (vipande vifupi vya kulitaja jina la redio). Gawa nyimbo hizo mafungu matatu: 3 kutoka fungu la zinazovuma, 4 za kawaida, 5 za zamani wanazozipenda. Fungu la zinazovuma liwe na nyimbo 7, kila moja itarudi baada ya saa 2 na dakika 20. Kwa nini si 6? Kwa sababu zikiwa 6 kila wimbo hurudi baada ya saa 2 kamili, na kama mko hewani saa 18 kwa siku, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 5 usiku, wimbo uleule utaangukia saa ileile kila siku. Dereva wa daladala wa saa 1 asubuhi atausikia huohuo Jumatatu hadi Jumamosi na ataapa kwamba mna nyimbo tatu tu. Zikiwa 7, zinahama. Mabadiliko madogo kama haya ndiyo yanayofanya redio isikike hai.

Katika kila saa acha nafasi mbili ambazo ni za wasanii wa wilaya yenu, ziwe za kudumu, wala zisitegemee hisani ya mtangazaji. Wimbo ukiwa na sauti safi na umepita ukaguzi wa maneno, unaingia kwenye foleni na tarehe inaandikwa ubaoni mahali msanii anaweza kuiona. Nasisitiza ubao kwa sababu bila huo huzaliwa ugonjwa ambao kila anayefanya muziki nchini anaujua: kijana anamtafuta mtangazaji pembeni, noti zinabadilisha mikono, na aliyeuza mbuzi wa mama yake ili arekodi anarudi nyumbani bila kupigwa hata mara moja. Mtangazaji atakayepokea fedha ili apige wimbo aondoke siku hiyo, hata kama ndiye nyota wenu.

Na msizidharau salamu. Tangu enzi za kadi zilizotumwa Radio Tanzania kwa posta, watuma salamu wamekuwa na vikundi, vyeo na majina yao ya hewani. Ni wasikilizaji waaminifu kuliko wote. Saa moja ya salamu yenye ngoma za kizazi kipya itawakutanisha mama muuza mboga na binti yake kwenye redio moja.

Hatua ya nane: sauti za watu

Ajiri masikio kabla ya midomo. Katika usaili, mpe kijana nyimbo tano ambazo hazijatoka, mwache azisikilize, kisha akueleze angepiga ipi, saa ngapi, na kwa nini. Lafudhi ya nyumbani isisahihishwe ifanane na ya Dar es Salaam. Jambo la kusahihisha ni majina: anayetamka vibaya jina la kijiji hewani amewakosea watu wote wa kijiji hicho.

Hatua ya tisa: majaribio, halafu uzinduzi

Mkiruhusiwa kujaribu mitambo, pigeni muziki bila maneno mengi, na mtu azunguke na pikipiki akiwa na redio ndogo ya betri, simu ya kitochi yenye hedifoni, maana waya wa hedifoni ndio antena yake, na gari moja la mtumba. Kila kilomita mbili asimame, aandike: safi, inakwaruza, hakuna. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza tulikuta bonde zima nyuma ya kilima, lenye vijiji vitatu, liko kimya, wakati karatasi ya mwuza mitambo ilikuwa imelipaka rangi ya kijani. Tuligeuza upande wa antena kabla ya uzinduzi. Baada ya uzinduzi tungeanza na vijiji vitatu vinavyotununia.

Uzinduzi wenyewe ufanyike uwanjani, wasanii wa wilaya wapande jukwaani, na redio irushe moja kwa moja. Mkuu wa wilaya apewe dakika zake, ziwe mapema.

Fedha

Kwa kifupi: andaa gharama za miezi 12 bila kutegemea mapato. Makampuni ya simu na vinywaji hayatakuja mwaka wa kwanza. Watakaokulisha ni wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, shule binafsi, mafundi cherehani, waandaaji wa minada. Wauzie udhamini wa kipindi kwa mwezi, bei iliyoandikwa, malipo kabla ya kurushwa. Tangazo la msiba la mwananchi wa kawaida lisizidi bei ya nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Hatua ya mwisho: hifadhi tangu dakika ya kwanza

Kompyuta moja ya bei ndogo irekodi kila kinachotoka hewani, ikinasa kutoka kwenye redio, si kwenye mikseri, ili iwe na kile walichosikia watu. Weka miezi mitatu yote. Mkaguzi akija na malalamiko, utakuwa na ushahidi. Halafu kila wiki chagua saa mbili za kuhifadhi milele: mahojiano ya kwanza ya msanii, salamu za sikukuu, mechi ya fainali ya kata. Nakala moja ikae studio, nyingine ikae nyumba tofauti.

Tunazijua bendi za miaka ya 1960 na 1970 kwa sababu Radio Tanzania ilizirekodi na kuzitunza kanda zake. Redio niliyoanzia mimi haina hata dakika moja ya siku yake ya kwanza. Nakumbuka kwamba wimbo wa kwanza ulikuwa wa kijana wa mtaa wa pili kutoka studio, ulirekodiwa chumbani, na kwamba mama yake alikuja mlangoni na redio mkononi akitaka kuona mwanawe amekaa wapi humo ndani. Sauti yenyewe sina. Kwa hiyo asubuhi ya uzinduzi, kabla hujagusa swichi ya transmita, fungua folda, andika tarehe, jina la mtangazaji wa zamu, jina la fundi, jina la wimbo wa kwanza na aliyeuimba. Bonyeza kurekodi. Kisha ndiyo uwashe.